Tunavyolizunguka Shimo

Mgeni akiuliza njia Ntalikwa haelekezwi barabara, anaelekezwa michepuko. "Ukifika kwenye mwembe mkubwa usinyooke, kata kulia, pita nyuma ya tanuri la matofali, utaibukia ng'ambo ya bwawa." Bwawa lenyewe liko katikati ya barabara. Anayekuelekeza halitaji kwa uchungu wala kwa mzaha. Analitaja kwa sauti ileile ya kutajia zahanati au kituo cha mafuta. Ni alama. Lilikuwapo masika iliyopita na masika ya kabla yake, na watoto wanaozaliwa sasa watakua wakijua kwamba hapo ndipo pa kukata kulia.

Kata yetu ni ya Manispaa ya Tabora, upande wa pembezoni. Kwa karatasi sisi ni watu wa mjini. Kwa macho sisi ni mahindi, karanga, tumbaku, ng'ombe, miembe, na majaruba ya mpunga kwenye mbuga. Kipande cha barabara ninachokifahamu kuliko vyote kinashuka kutoka kwenye mwinuko wa kichanga, kinakata mbuga ya udongo mweusi, kisha kinapanda tena upande wa pili. Kimechongwa kwa greda mara nyingi. Kimemwagiwa moramu. Kimewekewa kalavati. Sijapata kukiona kikivuka Februari kikiwa kizima, na ukiuliza sababu utajibiwa kwa neno moja: fedha. Fedha ni kweli. Lakini ipo sababu nyingine isiyoandikwa kwenye bajeti yoyote, nayo ni kwamba sisi ni mafundi wa kuzunguka.

Ufundi huo tumeurithi, tena kwa watu wenye sifa zao. Njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiko kwetu Tabora, na kuendelea Ujiji, haikuwa barabara kwa maana tunayoijua leo. Ilikuwa ujia wa kupitisha mguu mmoja mbele ya mwingine. Wapagazi, na waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi, walijipanga mstari mmoja, kila mtu na mzigo wa frasila mbili hivi, kilo 30 na ushee. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wamefuata ujia wa namna hiyo tangu pwani. Mti ukiangukia njia, hakuna aliyetua mzigo ili aukate. Wa mbele aliuzunguka, wa nyuma yake akakanyaga palepale, na msafara ulipokwisha kupita wote kona mpya ilikuwa imezaliwa. Mti ukaoza ukaisha. Kona ikabaki, na watu wakaendelea kuipinda bila kujua wanakwepa nini.

Hata safari mashuhuri kuliko zote zilizopita kwetu ilikuwa mchepuko. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe, na njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji ikafungwa. Henry Morton Stanley, aliyekuwa Kwihara, jirani na Tabora, aliingia vita ile upande wa Waarabu, wakapigwa. Septemba akaondoka kuelekea kusini, akazunguka kwa Ugunda na Ukonongo, akatokea Ujiji kabla mwaka haujaisha na kumkuta Livingstone aliyekuwa akimtafuta. Dunia inakumbuka salamu aliyompa. Sisi tunaoishi huku tungefaa kukumbuka mzunguko wake, kwa sababu ndio uliomfikisha.

Simaanishi kwamba watu wale walikuwa wazembe. Kwa njia ya miguu, kuzunguka ndiyo matengenezo. Njia ya miguu haina mwili wa kudumu. Inajiponya kwa kuhama. Watawala wa njiani, hasa Ugogo, walitoza hongo ya vitambaa, shanga na waya, na msafara ulilipa ili upate ruhusa ya kupita na maji ya kunywa. Hakuna aliyelipa ili njia ifukiwe mashimo, maana njia haikuwa na mashimo. Shimo ni kitu cha gurudumu.

Mambo yalibadilika reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Kwa mara ya kwanza ililetwa kwetu njia isiyoweza kuchepuka hata kwa upana wa kiganja, na njia ya aina hiyo lazima itunzwe palepale ilipo. Ndiyo maana reli iligawiwa kwa magenge: kila genge na kipande chake, nyumba zake kando ya njia, nyapara wake, nyundo zake na makoleo yake. Treni haikungoja njia iharibike ndipo watu watafutwe. Watu walikuwapo kabla ya uharibifu.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa mtu wa genge. Nilipokuwa mdogo nilidhani kazi yake ni kutembea, kwa sababu kila hadithi yake ilikuwa ya kutembea: kuamka alfajiri, kufuata mataruma, kugonga, kusikiliza mlio, kukaza palipolegea, kurudisha kokoto palipopungua. Na mitaro. Alizungumzia mitaro kuliko vyuma. Alisema treni haiangushwi na uzito wake, inaangushwa na maji yaliyolala chini ya kokoto wiki nzima bila mtu kuyauliza yanangoja nini.

Alipostaafu alihamia kwetu Ntalikwa akalima, na mwaka uleule akaanza kuiangalia barabara kwa macho ya reli. Kila Oktoba, wakati wengine wanachoma mabua na kungoja wingu, yeye alichukua jembe na beleshi akaenda kufukua mitaro ya kile kipande cha mbugani. Watu walimcheka. "Mzee, nani anakulipa?" Akajibu kwamba halipwi, anapunguza kazi ya Januari. Wengine walidhani ana maslahi yaliyofichika, labda anataka udiwani. Katika nchi yetu mtu akizibua mtaro bila kutumwa, hushukiwa kwanza, shukrani hufuata baadaye ikipatikana.

Mimi nilikuwa mfuasi wake kwa sababu nyingine: alinichukua kwenye mvua. Mvua kubwa ya kwanza ya Novemba ikianza, watoto wote wakifukuzwa ndani, yeye aliniita. "Vaa, twende tukaone maji." Tulisimama kwenye mwinuko, yeye na koti lake la zamani la kazini, mimi na mfuko wa mbolea kichwani, tukatazama barabara ikifanya kazi. Katika mvua ndipo barabara inapojieleza. Unaona maji yanakotoka, yanakojikusanya, mahali yanapovuka kwa hasira na mahali yanapozubaa. Baadaye nimewaona wakaguzi wengi wa barabara, watu waungwana wenye viatu safi, na karibu wote wamekuja kiangazi. Kiangazi kila barabara ina adabu.

Alichonifundisha ni hiki. Barabara ni kama kibanda cha udongo: ikiwa na paa lenye mteremko na mfereji wa kupeleka maji mbali, itakaa miaka, ikikosa, hakuna unene wa ukuta utakaoiokoa. Paa la barabara ni mgongo wake, katikati kuwe juu kuliko kingo, ili tone likianguka likimbilie pembeni. Mgongo ukibapa, maji yanabaki. Gurudumu likikanyaga maji, udongo laini unaruka pamoja nayo, kikabaki kidimbwi cha upana wa sahani. Gari la pili linakipanua. Kwenye lami ni hivyohivyo, ila siri inaanzia chini: ufa mwembamba unaingiza maji kwenye tabaka la msingi, msingi unalegea, magurudumu yanausukuma na kuunyonya, na siku moja kipande cha lami kinazama. Watu husema mvua imetoboa barabara jana usiku. Mvua ilianza kazi hiyo miezi mingi iliyopita.

Udongo mweusi wa mbuga una ukorofi wake wa ziada. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukijenga juu yake bila kuinua tuta, barabara itapanda na kushuka kila mwaka. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, milimita 900 hivi, na karibu zote zinaanguka katika miezi hiyo. Mbuga inashiba, haina pa kupeleka, na barabara iliyo katikati inageuka ukuta wa bwawa.

Halafu kuna greda. Kwetu greda likifika ni sherehe, watoto wanalikimbilia, na mwanasiasa akiwepo atapiga picha mbele yake. Lakini kuchonga barabara bila kuongeza moramu ni kunyoa. Kila likipita linaondoa unyayo mmoja wa udongo na kuusukuma pembeni, na masika inaubeba. Baada ya miaka ya kunyolewa, barabara yetu iko chini kuliko mashamba. Ukisimama katikati yake unaona mahindi ya jirani kwa usawa wa goti lako juu ya ukingo. Mahali palipo chini kuliko shamba hapawezi kutoa maji. Ni mto uliopewa jina la barabara, na mwezi wa kwanza wa mvua huwa haugombani na jina hilo, unalifuta tu.

Sasa nirudi kwenye kuzunguka, kwa maana hapo ndipo mjomba alipokuwa akikasirika kweli, yeye ambaye hakukasirishwa hata na ng'ombe kuingia shambani. Bodaboda akiona dimbwi hushuka pembeni. Bajaji humfuata. Noah hufuata bajaji, na mwishowe fuso la mkaa. Ni busara kabisa; mimi mwenyewe nikiwa nimepakiwa nyuma ya pikipiki humwambia dereva apite pembeni. Lakini ili ashuke pembeni lazima avuke mtaro. Akivuka mara moja anabomoa ukingo. Wakivuka siku nzima, mtaro umejaa udongo. Mtaro ukifa, dimbwi lililokuwa na nafasi ya kukauka linapata maji mapya kutoka kila upande, linakua, na mchepuko unasogea mbali zaidi, ndani ya shamba la mtu. Wapagazi walipouzunguka mti hawakuuongezea ukubwa. Sisi tukilizunguka shimo tunalilisha.

Kwenye mbuga nimewahi kuona njia sita sambamba, zote zimekufa, na ya saba ikiwa mbichi kwenye karanga za mjane mmoja. Alikuwa ameweka matawi ya miiba. Dereva wa fuso alishuka, akayaondoa kwa upole, akampa shikamoo, akapita.

Kuhusu magari makubwa, nisiwapakazie bodaboda peke yao. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wamarekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, wakazungusha malori ya uzito tofauti usiku na mchana ili waone ni nini kinachoua lami. Jibu walilopata, wahandisi wanalitumia hadi leo: madhara hayaongezeki sawasawa na uzito, yanaongezeka kwa takriban kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 inaiumiza barabara mara 10,000 ya ekseli ya tani moja. Ndiyo maana kuna mizani kwenye barabara kuu, na ndiyo maana sheria ya Afrika Mashariki imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima. Kwenye barabara yetu hakuna mizani. Fuso la mkaa hupakia hadi magunia yaning'inie nje. Kwa hesabu ya Illinois, pikipiki haivunji barabara hata kidogo. Inachovunja ni mtaro.

Mama yangu aliuza maembe, na kwa hiyo uchumi wa shimo niliujua kabla ya uchumi wa shuleni. Tabora ni nchi ya miembe. Mingi ya zamani inahesabiwa kuwa kumbukumbu ya misafara. Tatizo ni kwamba embe na shimo huiva pamoja. Maembe yanaanguka Novemba hadi Januari, wakati uleule barabara inapofunga. Kiangazi, wakati fuso lingeweza kuingia hadi mlangoni, hakuna cha kupakia. Ikifika Desemba mchuuzi kutoka mjini anasimama juu ya mwinuko, anatazama mbuga, anasema gari haliingii, na kwa maneno hayo mawili bei imekwisha pangwa. Mwenye baiskeli atakayevusha tenga anataka malipo yake kabla. Yaliyobaki wanakula nguruwe wa jirani na nzi. Nikisoma kwamba wakulima wetu wanahitaji elimu ya masoko, namkumbuka mama, ambaye soko alilijua vizuri sana. Lilikuwa ng'ambo ya dimbwi.

Na kuna wanaonufaika, tuseme ukweli. Vijana hujaza shimo udongo kwa majembe, wanaweka jiwe na tawi, wanasimama na kofia mkononi: "Bosi, ya soda." Udongo haukushindiliwa, mvua ya jioni inauchukua, kesho kazi ipo tena. Sijui kama niwalaumu. Angalau wao wanashika jembe. Lakini nimewahi kumuuliza mmoja kwa nini hafukui mtaro ambao uko hatua mbili kutoka pale, maji yakatoka na shimo likakauka. Akanitazama kama mtu niliyetaka kumfukuza kazi.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, ulikuwa wa jaruba. Chini ya barabara, upande wa kalavati, kulikuwa na mzee mwenye majaruba ya mpunga. Kalavati lile liliwekwa na mkandarasi mmoja ambaye simtaji, na aliliweka juu mno: mdomo wa kuingilia maji ulikuwa juu ya usawa wa mtaro, kwa hiyo maji yalilazimika kujaa bwawa kwanza ndipo yapate kupita. Hilo peke yake lilitosha kuiua barabara. Lakini hata kiasi kilichopita kilikuwa na mwenyewe. Mwanzoni mwa msimu mzee yule aliyataka maji yote, akachimba mkondo kuyavutia kwenye jaruba. Mpunga ukishika, hakuyataka tena, maana yangeuzamisha, akaziba mdomo wa kutokea kwa viroba vya mchanga. Mjomba akaenda kuvitoa. Asubuhi vimerudi. Mjomba akavitoa tena. Mambo yakafika kwa mwenyekiti.

Nilikuwepo kwenye kikao kile, nimeketi nyuma na wanawake. Mjomba alieleza kuhusu maji na barabara, kwa ufasaha wa mtu wa reli. Mzee wa jaruba akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu. "Hayo maji mnayonielekezea mimi, mlipoyachimbia mtaro, nani alikuja kuniuliza shamba langu linaishia wapi?" Alikuwa na haki. Aliyechora ile barabara aliyatoa maji barabarani na kuyatupa kwa mtu, akahesabu kazi imekwisha. Tangu siku ile kila nikiona mtaro mpya, jicho langu haliuangalii unapoanza. Naufuata hadi unapoishia, na mara nyingi naukuta umeishia kwenye uwanja wa nyumba ya mtu aliyekwisha andaa viroba.

Kuhusu serikali nitasema kwa ufupi, maana wengi wameshasema. Hadi mwaka 2017 barabara kama hizi zilikuwa za halmashauri. Mwaka huo ukaundwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, chini ya TAMISEMI, kama TANROADS ilivyokuwa imeundwa mwaka 2000 kwa barabara kuu na za mikoa. Mtandao wa TARURA ni zaidi ya kilomita 144,000, sehemu kubwa ya udongo mtupu. Wa TANROADS ni zaidi ya kilomita 36,000. Kwa miaka mingi Mfuko wa Barabara, unaolishwa na tozo ya mafuta, uligawanywa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa na 30 kwa zilizobaki. Mwaka 2021 Bunge likaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Kijana wa Ntalikwa anayenunua petroli ya chupa kibandani analipa tozo hiyo kila siku. Hongo ya karne ya kumi na tisa ililipwa na msafara wenye pembe za ndovu. Ya leo inalipwa na kila mtu aliyepanda pikipiki kwenda kliniki.

Matunda yapo, na kuyakana ni uongo. Lami kwenda Nzega ipo. Kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4 zilizokuwa zikitutenga na Itigi na Singida kila masika, kilizinduliwa mwaka 2022, na wasafiri waliolala porini pale katika miaka ya nyuma wanajua maana yake. Ila lami ya barabara kuu haishuki hadi mbugani kwetu. Na kuna jambo la kalenda: mwaka wa fedha unaanza Julai, zabuni zina hatua zake, mkataba unasainiwa, mitambo inatafutwa, na Novemba hainaga subira. Kazi inayostahili kufanywa Oktoba kwa jembe inafanywa Desemba kwa greda, kwenye matope.

Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilitoa ripoti kuhusu barabara katika nchi 85 zinazoendelea. Ilikadiria kwamba barabara za thamani ya dola bilioni 45 zilikuwa zimepotea, hasara ambayo ingezuiwa kwa matengenezo ya kinga yasiyofika dola bilioni 12. Mjomba hakuisoma ripoti hiyo. Nilipomsomea tarakimu alisema wameandika kwa dola yale ambayo nyapara wake aliyasema kwa matusi.

Wenzetu Kenya walijaribu jambo linalofanana na genge la reli. Katika mpango wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974, barabara zilijengwa kwa nguvu kazi ya watu wa pale pale, na zikimalizika, mmoja wa vibarua wale alikabidhiwa kipande cha kilomita moja na nusu au mbili karibu na nyumbani kwake, alipwe kwa siku kadhaa kila mwezi ili afyeke nyasi, azibue mitaro na makalavati, arudishe udongo kwenye mgongo. Haukuwa mpango mkamilifu. Malipo yalichelewa na vipande vingine vikasahauliwa. Lakini ulikuwa na kitu ambacho greda halina: mtu anayelala karibu na shimo kabla halijawa shimo.

Mjomba amezeeka, haendi tena mbugani. Miaka ya karibuni baadhi yetu, wanawake wengi na vijana wachache, tumeshika Oktoba yake. Tunatoka na majembe, makarai na toroli moja ya kuazima. Kipande cha mwinuko kimetii: tulifungua mitaro ya kutolea maji kila hatua kadhaa, yakaenda porini kabla hayajapata nguvu, na masika mbili zimepita bodaboda zikinyooka. Mbugani tumeshindwa, na tutaendelea kushindwa hadi tuta liinuliwe na kalavati lishushwe, kazi ambazo hazifanyiki kwa karai. Napenda kuliweka hili wazi, kwa sababu viongozi wakiona wananchi na majembe hupata faraja isiyo yao.

Kisha tukasikia kwamba sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu, na kwamba vikundi vya kijamii hupewa kazi za kufyeka na kusafisha mitaro. Tukaanza kujisajili. Katiba ya kikundi, muhtasari, akaunti ya benki, picha ndogo. Mambo ambayo ni marefu kuliko mtaro wenyewe. Siku ya kugawana vipande alikuja mtu tusiyemtarajia, mzee wa jaruba, na fimbo yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia na wazee wamo."

Ukimya ukaingia, kisha minong'ono. Mweka hazina akasema huyu ndiye aliyeziba kalavati miaka yote ile, leo alipwe kulizibua? Mwingine akasema akiachwa nje ataliziba tena. Mzee hakujitetea. Alisema anajua maji ya mbuga ile yanapita wapi siku gani ya mwezi gani kuliko mtu yeyote aliyekaa pale, mjomba wangu akiwemo, na kama kuna anayebisha aseme sasa. Hakuna aliyebisha. Nilimpigia kura, na wengi wakafuata, mweka hazina akiwa wa mwisho kuinua mkono. Kipande chake ni kuanzia kalavati hadi kwenye mwembe, na sharti tuliloliandika kwenye muhtasari ni kwamba mkondo wa kumwagilia jaruba lake utaanzia upande wa chini wa barabara, mbali na mdomo wa kalavati, na uchimbwe mbele ya wanakikundi kabla ya mvua ya kwanza.